Kinoo cha Zamani cha Wembe: Unajuaje Kama ni Kizuri?

Kinoo cha wembe kilichokaa sandukuni miaka 80 huwa kimejaa mafuta meusi, kimebonyea katikati, na lebo yake, kama ipo, imebaki kipande. Anayekiuza atakwambia ni adimu. Anayekinunua ana swali moja tu: wembe utakaotoka juu yake utapita shavuni bila kuwasha? Jibu lipo, ila halipatikani kwenye lebo wala kwenye bei, na halipatikani kwenye namba ya chembe ambayo watu hupenda kuiulizia kwanza. Jiwe la asili huhukumiwa moja moja. Ukoo wake, yaani mahali lilikochimbwa, hukupa matarajio tu. Kama matarajio hayo ni ya kweli utayajua jiwe likiwa na maji juu yake na wembe unaoujua vizuri.

Kwanza, kwa nini watu wahangaike na mawe ya zamani wakati madukani kuna vinoo vipya? Sababu ni historia ya kunyoa yenyewe. Kampuni ya Gillette ilianza kuuza nyembe za usalama mwaka 1903, na katika miongo iliyofuata wembe wa kukunja, ule wa zamani wenye mpini, ukabaki kwa vinyozi na kwa wazee waliouzoea. Wanunuzi walipopungua, machimbo kadhaa yakafungwa. Sleti (mwamba wa matabaka) ya Thuringia huko Ujerumani, mawe ya Charnley Forest ya Uingereza na mawe ya machimbo ya Nakayama karibu na Kyoto hayachimbwi tena kama zamani, kwa hiyo anayeyataka hutegemea yale yaliyokwisha kutoka ardhini. Lakini si kila jiwe la zamani ni la aina ambayo imekwisha. Mawe ya Ubelgiji na ya Arkansas, Marekani, yanachimbwa hadi leo, na jiwe jipya kutoka huko linaweza kuwa zuri kama la babu. Anayekuuzia jiwe la Arkansas kwa bei ya juu kwa sababu tu ni la zamani, anakuuzia umri.

Wembe unadai nini kwa jiwe

Wembe wa kukunja haunolewi kama kisu. Kisu unakishika kwa pembe unayoichagua mwenyewe. Wembe unaulaza, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa wakati mmoja, na pembe inaamuliwa na unene wa mgongo. Wembe wa upana wa milimita 20 wenye mgongo wa milimita 6 hupata makali ya pembe ya karibu nyuzi 17, pande zote mbili zikijumlishwa. Huwezi kuibadilisha kwa kuinua mkono kidogo. Ndiyo maana kosa lolote la uso wa jiwe linahamia moja kwa moja kwenye makali: jiwe likiwa na shimo katikati, ncha ya wembe na kisigino chake vitagusa huku katikati kukielea, na utanoa siku nzima bila katikati kupata makali. Jiwe lililovimba kidogo katikati lina nafuu kubwa kuliko lililobonyea, kwa sababu wembe unapolipita kila sehemu ya makali hupata zamu yake ya kugusa.

Jambo la pili ni kwamba kinoo cha wembe kwa kawaida ni jiwe la mwisho. Mapengo yamekwisha kuondolewa na mteremko wa makali umekwisha kutengenezwa kwenye mawe mengine yenye kasi. Kinachobaki ni kulainisha kingo hadi ngozi isihisi kitu, kabla ya kuupitisha wembe kwenye ukanda wa ngozi. Kwa hiyo jiwe zuri la wembe linaweza kuwa taratibu mno, hata likaonekana halifanyi kazi kwa mtu aliyezoea kunoa panga au visu vya jikoni. Wengi hulikataa jiwe jema kwa kosa hilo.

Namba ya chembe inavyopotosha

Vinoo vya kiwandani vinatengenezwa kwa chembe zilizochekechwa, kwa hiyo namba yake ina maana: namba ikiwa kubwa, chembe ni ndogo. Jiwe la asili halikuchekechwa na mtu. Ukiambiwa jiwe fulani la zamani ni sawa na namba 10,000 au 12,000, umepewa makisio ya mtu kuhusu makali aliyoyapata yeye, kwa mkono wake na ukanda wake.

Mfano bora ni jiwe la Ubelgiji liitwalo kotikuli. Kinachokata ndani yake ni punje za ganeti, nyingi zikiwa na ukubwa wa mikroni (sehemu za elfu za milimita) 5 hadi 20. Ukitumia namba peke yake, punje kubwa kiasi hicho zingepaswa kuacha makali yenye meno. Wakati huohuo wanyoaji wa nchi nyingi wanayasifu makali ya kotikuli kwa upole wake kuliko mawe mengi yenye chembe ndogo zaidi. Siri ni umbo. Ganeti huwa na sura ya mpira wenye pande kumi na mbili, pembe zake ni butu, na punje imezama ndani ya mwili wa ulanga laini, ikichomoza sehemu ndogo tu. Inachuna chuma kwa kina kifupi sana. Punje hiyohiyo ikiwa na kona kali na ikisimama wima ingelima mtaro.

Basi kabla ya kuuliza chembe ni ndogo kiasi gani, uliza chembe ni nini, ina umbo gani, na imeshikwa na nini. Mawe yanayoachia chembe upesi hujipa uso mpya kila mara na kukata kwa kasi, ila yanahitaji mkono mwepesi. Mawe yanayozishikilia hung'arishwa na chuma kadiri yanavyotumika na kuzidi kuwa taratibu. Hakuna kundi lililo bora kwa jumla. Kuna tabia mbili, na mnunuzi anapaswa kujua ananunua ipi.

Koo za mawe na mahali pa kutazama

Kotikuli hutoka Ardennes, kwenye vijiji vya jirani ya Vielsalm na Salmchâteau. Ni tabaka jembamba la rangi ya krimu au manjano lililobanwa katikati ya sleti ya zambarau. Kwa kuwa tabaka lenyewe ni jembamba na huvunjika kirahisi, mawe mengi yamebandikwa mgongo wa sleti kwa gundi, na mengine yamekatwa pale ambapo rangi mbili zimeshikana kiasili. Geuza jiwe utazame ubavu. Mstari wa gundi umenyooka na una rangi yake. Mshikano wa asili huenda ukipinda, rangi moja ikiingia kwenye nyingine. Mashabiki hupandisha bei ya mshikano wa asili, lakini makali hayajui tofauti hiyo. Kinachonihangaisha mimi ni unene wa tabaka la manjano lililobaki. Kama limebaki milimita mbili na uso umebonyea milimita moja, ukimaliza kulisawazisha utakuwa umebaki na karatasi ya jiwe.

Lisugue kwa kijiwe kidogo cha aina yake na matone ya maji: kotikuli hutoa tope jeupe kama maziwa, na sehemu ya zambarau hutoa tope la zambarau. Ni njia rahisi ya kumkamata anayekuuzia sleti yoyote ya njano kwa jina la Ubelgiji. Kiganjani pia kotikuli ni nzito kuliko sleti ya kawaida ya ukubwa uleule, kwa sababu ganeti ni madini mazito.

Thuringia, eneo la Ujerumani kati ya Steinach na Sonneberg, lilitoa sleti laini za maji zenye rangi kuanzia bluu iliyokolea hadi kijani chenye unjano. Muuzaji aliyejulikana zaidi ni J. G. Escher & Sohn wa Sonneberg, na leo jiwe lenye lebo yake huuzwa ghali kuliko jiwe lisilo na lebo lililochimbwa eneo lilelile. Rangi ya kijani yenye unjano ndiyo inayogombewa. Mimi naona sifa hiyo ya rangi imepewa uzito usiostahili. Lebo hubanduka, huchapishwa upya, na huweza kubandikwa jiwe lisilo lake. Mwili wa jiwe haudanganyi kirahisi hivyo. Sleti nzuri ya Thuringia, ikilowa, huwa na uso mmoja usio na punje zinazoonekana, hutoa tope upesi kwa kusuguliwa kidogo tu, na wembe hupita juu yake bila kukwaruza. Nikipewa nafasi ya kuchagua, nachukua jiwe lisilo na lebo lenye mwili safi na kuacha Escher yenye ufa.

Uingereza ilikuwa na Charnley Forest kutoka Whittle Hill huko Leicestershire: jiwe gumu la kijani cha zeituni, mara nyingi lenye mistari au mabaka mekundu, na ambalo kwa kawaida lilitumiwa na mafuta. Ni taratibu sana. Wales ilitoa sleti za kunolea, na Ayrshire ya Uskoti ilitoa mawe ya kijivu, mengine yakiwa na madoadoa meusi. Hayo ya Uskoti na Wales hutofautiana mno, jiwe kwa jiwe, na kuyahukumu kwa picha ni kubahatisha.

Mawe ya Japani ya eneo la Kyoto yana tatizo lake. Yale yaliyoteuliwa kwa nyembe ni magumu kupita kawaida, na hayafanyi kazi vizuri mpaka yatolewe tope kwa kijiwe kidogo au kwa sahani ya almasi. Wanunuzi hutazama mihuri iliyopigwa kwenye uso au ubavu. Mhuri unaweza kupigwa leo kama ulivyoweza kupigwa mwaka 1930. Hapa ugumu ndio wa kupima: weka tone la maji, sugua kidogo, uone kama tope linatoka kwa kusita au linamwagika. Kwa wembe unataka lile linalosita. Kisha tafuta mistari ya kahawia yenye chuma. Mingine ni rangi tu, mingine inakwaruza.

Arkansas: jiwe moja, hukumu mbili

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wenye uzoefu hubishana na wote wakawa sahihi.

Jiwe la Arkansas ni novakuliti, mwamba ambao karibu wote ni silika: fuwele ndogo mno za kwatzi zilizobanana. Huchimbwa jirani na Hot Springs. Wauzaji huligawa katika laini, gumu, jeusi na lile linalopitisha mwanga, ila kinachotofautisha madaraja hayo hasa ni msongamano wa fuwele na nafasi zilizobaki kati yake, kwa kuwa punje zenyewe ni za madini yaleyale. Ndiyo maana mizani inaweza kukuambia mengi kuliko macho.

Pima hivi. Lipime jiwe likiwa kavu na safi. Tuseme ni gramu 400. Weka bakuli la maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha lininginize jiwe kwa uzi mpaka lizame lote bila kugusa chini wala ukuta wa bakuli. Mizani itaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa. Tuseme gramu 157. Gawa 400 kwa 157, utapata karibu 2.55, ndio msongamano wa jiwe. Jiwe la 2.5 na kuendelea limebanana vya kutosha kuwa jiwe la kumalizia wembe. Lingeonyesha gramu 178, jibu lingekuwa karibu 2.25, na hilo ni jiwe laini, zuri kwa kazi za awali lakini si la kumalizia. Haliwezi kuzidi 2.65, ambao ni msongamano wa kwatzi yenyewe. Ukipata zaidi, umekosea kupima au jiwe si novakuliti. Hadhari moja: jiwe lililonyonya mafuta kwa miaka mingi halikupi jibu la kweli, kwa sababu matundu yamejaa. Lisafishe kwanza. Na kipimo hiki usikihamishie kwenye sleti wala kotikuli, kwani huko msongamano unasema kuna madini gani, hausemi makali yatakuwaje.

Sasa mzozo wenyewe. Mtu wa kwanza anasema jiwe lake jeusi linaacha makali ya ajabu. Wa pili ananunua jiwe kutoka chimbo lilelile, lenye msongamano uleule, na anapata makali yanayochoma ngozi. Mara nyingi tofauti iko kwenye uso. Novakuliti ngumu haiachii punje zake, kwa hiyo inakata kwa namna uso wake ulivyoandaliwa. Ukiusawazisha kwa msasa wenye chembe kubwa, unaacha vilima na mabonde madogo yanayokula chuma kwa kasi. Ukiendelea na msasa laini, kisha ukasugua juu yake kipande cha chuma kwa muda mrefu, vilima vile vinakatika vichwa na jiwe linakuwa la upole. Jiwe la zamani lililotumiwa na kinyozi mmoja maisha yake yote huja na uso huo tayari. Mnunuzi mpya analiona linang'aa, anadhani limeziba, analikwangua kwa almasi, kisha analalamika kwamba limekuwa kali. Jiwe halikubadilika. Kazi ya miaka ya mtu mwingine imekwanguliwa kwa dakika kumi.

Kwa hiyo ukipata Arkansas ya zamani yenye uso wa kung'aa na ulionyooka, lijaribu jinsi lilivyo kabla ya kuligusa na msasa. Na ukitaka kufanya nyuso zote mbili zikufae, acha mmoja ukiwa wa kung'aa na uandae mwingine kwa msasa wa kati.

Vinoo vya kiwandani vya vinyozi

Edward Acheson aligundua namna ya kutengeneza kabaidi ya silikoni, chembe ngumu za kusagia, mwaka 1891, na baada ya hapo viwanda vikaweza kutoa vinoo vidogo vya mstatili kwa ajili ya vinyozi. Vingine vilitumiwa vikavu, vingine kwa maji au povu la sabuni, pale pale kwenye kiti. Vilikusudiwa kurudisha makali yaliyoanza kuchoka, kwa mapigo machache, na si kuutengeneza wembe uliokufa. Vimo vizuri kweli, kama Swaty za Maribor zilizosambaa sana, na vimo vya ovyo. Cha kutazama ni kingo: kipande kilichomeguka pembeni huacha kona inayotoboa makali, na uso uliopasuka kwa kuanguka hautengenezeki. Zaidi ya hapo sioni mengi ya kusema juu yake. Vya kiwanda kimoja hufanana, na jaribio la wembe humaliza swali.

Jiwe likiwa mkononi

Liloweshe. Jiwe kavu huficha karibu kila kitu, na maji huleta juu rangi ya kweli, mistari na nyufa. Ufa hubaki mstari mweusi wakati uso unaoanza kukauka umekwisha rudi rangi yake, kwa sababu maji yamejificha ndani. Kisha lishike kwa vidole viwili na kuligonga taratibu kwa kijiti: jiwe zima hulia, lenye ufa hujibu kwa sauti iliyokufa. Jiwe lililobandikwa mgongo kwa gundi nalo huwa na sauti iliyokufa, basi usilihukumu kwa hilo.

Laza rula ya chuma juu ya uso, urefu, upana na mshazari, ukitazama kuelekea kwenye mwanga. Mwanga unaopenya katikati ni mbonyeo. Mbonyeo peke yake si sababu ya kukataa jiwe, isipokuwa pale unene uliobaki ni mdogo. Upana mdogo wa jiwe nao si kasoro: mawe mengi mazuri ya Thuringia yana upana mdogo kuliko urefu wa wembe, na wembe hupitishwa kwa mshazari ili makali yote yaguse.

Mistari ndiyo inayotisha watu bila sababu, au kuwapita bila kuonwa. Pitisha ukucha juu yake, kisha ncha ya sindano. Usipohisi kitu, mara nyingi ni rangi tu. Sindano ikikwama, mstari huo ni mgumu au laini kuliko mwili unaouzunguka, nao utakuwa juu au chini ya uso baada ya kila matumizi, hata ukisawazisha leo. Mstari wa namna hiyo ukiwa pembeni kabisa, unaweza kuuepuka. Ukikatisha katikati, liache jiwe hilo kwa visu.

Tone la maji nalo hueleza. Likikaa juu kwa dakika kadhaa bila kuzama, jiwe limebanana. Likinywewa mara moja, lina matundu. Mafuta ya zamani huharibu jaribio hili, kwani husukuma maji hata kwenye jiwe lenye matundu, hivyo kusafisha huja kwanza. Mafuta ya taa hulegeza grisi iliyoganda, na sabuni ya kuondoa grisi humalizia. Mawe yenye gundi usiyaache yakae ndani ya chochote kwa siku nzima, na usichemshe jiwe lolote, kwani joto la ghafla hupasua.

Usawazishaji hufanywa kwa msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo kinene. Chora michirizi ya penseli juu ya uso wote, sugua mpaka yote ifutike kwa pamoja, kisha zungusha kingo kidogo ili zisikwaruze wembe. Fanya kazi hiyo kwa maji mengi kila mara. Vumbi la silika likiingia mapafuni huleta ugonjwa usiopona, na mawe karibu yote ya kunolea yana silika.

Jaribio lenyewe

Chukua wembe ambao tayari unajua unavyonyoa ukitoka kwenye jiwe lako la kawaida. Wembe mpya juu ya jiwe jipya hautakuambia kitu, kwa kuwa hutajua lawama iende wapi. Andaa makali yake mpaka hatua ileile unayoifikia siku zote kabla ya jiwe la mwisho, kisha hamia kwenye jiwe unalolijaribu.

Anza na tope jepesi kama jiwe linaruhusu. Tazama rangi: tope jeupe au kijani linageuka kijivu kadiri chuma kinavyochunwa, na upesi wa kugeuka huko ndio kasi ya jiwe. Ongeza maji tone kwa tone mpaka umalize kwa maji safi. Hatua hii hairukwi, hasa kwa kotikuli, kwa sababu punje zilizo huru ndani ya tope hugongana na kingo za makali uso kwa uso na kuzidumaza. Katika mapigo ya mwisho, uzito wa wembe wenyewe unatosha. Sikiliza. Sauti inapaswa kuwa moja kutoka mwanzo wa pigo hadi mwisho. Mkwaruzo mmoja unaojirudia mahali palepale ni habari. Tazama pia maji mbele ya makali: makali yakishakaa vizuri juu ya jiwe, maji huanza kupanda juu ya ubapa wa wembe, kwa urefu wote. Pale yasipopanda, makali hayagusi.

Kisha tumia lenzi ya kukuzia mara 30 au 60. Unatafuta mikwaruzo yenye kina kifupi, iliyofanana. Mkwaruzo mmoja mrefu uliozama ni wa kuchunguza. Osha jiwe na wembe, huenda ni punje iliyotoka kwenye jiwe la awali. Ukirudi tena, sogeza wembe ili sehemu nyingine ya makali ipite juu ya mstari unaoushuku. Mkwaruzo ukihamia sehemu hiyo mpya, mkosaji ni jiwe.

Jaribio la unywele unaoning'inia linapendwa sana, nami silipi uzito mkubwa. Makali yenye meno madogo hunasa unywele upesi kuliko makali yaliyolainika, kwa hiyo jiwe baya linaweza kulishinda jema katika jaribio hilo. Uso wa mtu ndio hakimu. Kama una nyembe mbili zinazofanana, maliza mmoja kwenye jiwe unalolijua na mwingine kwenye jiwe jipya, zipitishe kwenye ukanda kwa idadi ileile ya mapigo, kisha nyoa shavu moja kwa huu na jingine kwa ule. Usihukumu wakati huohuo. Subiri saa moja, upitishe maji baridi au dawa ya kupaka baada ya kunyoa, uone upande upi unachoma. Siku nyingine badilisha mashavu, kwa sababu ndevu hazioti sawa pande zote.

Na ukilipenda jiwe, ligeuze. Uso wa pili wa jiwe la asili unaweza kuwa wa tabaka jingine, wenye kasi nyingine na mistari ambayo uso wa kwanza haukuwa nayo, na katika mawe ya zamani mara nyingi ndio uso ambao hakuna aliyewahi kuunolea. Weka alama ya penseli ubavuni kuonyesha uso uliokwisha jaribu, kisha anza upya na ule mwingine.